Ngazi zilizoupisha mti

*Watalii wanasongamana Kyoto. Mbali na kelele zao, mahekalu madogo ya Japani yanatunza kumbukumbu za shaba na urani, na sehemu ya kumbukumbu hizo ilichimbwa hapa Katanga.*

LUBUMBASHI. Mvua ya kwanza ilinyesha usiku, na asubuhi yake nikaenda Penga Penga kuangalia kama kuna kilichoota. Kutoka pale bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines linaonekana wazi, mita 150 hivi kwenda juu, na ubavuni mwake mlima mweusi wa masalia ya tanuru, ule tunaouita terili.

Kwingine mjini mvua moja inatosha kuamsha majani. Penga Penga, katikati ya nyumba, kuna vipande vya ardhi ambavyo havikuamka. Nilikwangua kwa ncha ya kiatu. Juu kuna ukoko mgumu wa rangi ya kahawia, na chini yake udongo ulikuwa mkavu, kana kwamba usiku ule haukunyesha.

Mama mmoja aliyekuwa akipita na beseni la lengalenga kichwani alisimama akaniuliza nimepoteza nini. Nikamjibu kwamba natafuta majani. Akanionyesha kwa kidevu upande wa mtoni, ambako ndiko anakolima, akaenda zake.

Tanuru la Lubumbashi liliwashwa mwaka 1911, mji ukiwa na umri wa mwaka mmoja tu. Kwa miongo mingi upepo ulibeba moshi wa salfa na vumbi la madini ukavimwaga upande huu. Miti ilikufa, vikafuata vichaka, mwisho nyasi.

Nilikuwa na kazi nyingine kabisa mkononi. Nilikuwa nimeagizwa makala ya safari: mahekalu ya Kibudha na bustani za Japani ambazo wageni hawazijui. Nikadhani nitaandika habari za nchi ya mbali. Lakini kila hekalu dogo nililolifuatilia lilinirudisha kwenye udongo huu.

Kyoto imejaa, vijijini kimya

Mwaka 2024 Japani ilipokea wageni karibu milioni 37, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla. Wengi wao hupita njia ileile: Hekalu la Dhahabu la Kinkaku-ji, Kiyomizu-dera, kisha mitaa ya zamani ya Gion. Mwaka huohuo wakazi wa Gion walichoka, wakafunga vichochoro vyao vya binafsi kwa watalii.

Nchi hiyo ina mahekalu ya Kibudha zaidi ya 70,000. Mengi hayamo katika kitabu chochote cha watalii. Ni nyumba za mtaa au za kijiji, zinazotegemea familia zilizozika wazee wao hapo, ambazo kizazi baada ya kizazi huchangia paa, uvumba na ibada za marehemu. Vijana wamehamia mijini, wazee wanapungua, na maelfu ya mahekalu hayana tena mtawa anayelala humo.

Hapo ndipo mabishano yanapoanzia. Wapo wanaosema hekalu lifunguliwe kwa wageni, walipe kiingilio kidogo, na paa lipone. Wengine wanajibu kwamba hapo ni mahali pa wafu wa watu, na mgeni mwenye simu mkononi anavuruga kilichofanya mahali hapo pawepo.

Saihō-ji, hekalu la Kyoto lenye bustani ya kuvumwani, lilichagua njia yake tangu mwaka 1977. Mgeni huomba nafasi mapema, na kabla ya kuingia bustanini mara nyingi huketi kwanza kunakili maandiko matakatifu kwa brashi na wino. Anayetaka kupiga picha na kuondoka huona afadhali aende kwingine. Mimi naona walifanya vizuri.

Hekalu la wakulima wenye madai

Tuache Kyoto, twende Tatebayashi, katika mkoa wa Gunma, kando ya mto Watarase. Hapo kuna hekalu liitwalo Unryū-ji. Hakuna bustani ya kukufanya uvuke bahari. Lakini mtu wa Lubumbashi akilisikia historia yake hawezi kulipita.

Juu ya mto huo kulikuwa na mgodi wa shaba wa Ashio. Mfanyabiashara Furukawa Ichibei aliununua mwaka 1877, na haukupita muda ukawa mgodi mkubwa kuliko yote Japani. Miti ikakatwa kwa ajili ya tanuru, iliyobaki ikauawa na moshi. Milima ikawa uchi, mvua ikawa mafuriko, na mafuriko yakashusha sumu ya mgodi hadi kwenye mashamba ya mpunga. Samaki walielea wamekufa.

Mbunge wa eneo hilo, Tanaka Shōzō, alilifikisha jambo hilo bungeni mwaka 1891. Serikali ilihitaji shaba kwa reli, umeme na silaha, na majibu aliyopata yalikuwa ya kuzungusha. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1896, wakulima walifungua ofisi ya mapambano yao ndani ya Unryū-ji.

Tarehe 13 Februari 1900 maelfu yao walikusanyika hekaluni wakaanza safari ya miguu kwenda Tokyo kuwasilisha malalamiko. Polisi waliwazuia njiani, mahali paitwapo Kawamata. Wakapigwa, na makumi yao wakakamatwa.

Mwaka uliofuata Tanaka alijiuzulu ubunge, na Desemba akakimbilia gari la Mfalme Meiji akiwa na barua mkononi. Walinzi walimdaka kabla hajafika. Alifariki mwaka 1913 akiwa maskini, na mifupa yake ikagawanywa kati ya jamii kadhaa zilizotaka kumzika kwao. Sehemu moja iko Unryū-ji.

> Wakulima hawakuwa na ofisi wala chama. Walikuwa na hekalu.

Mgodi wa Ashio ulifungwa mwaka 1973. Milima yake hadi leo haijapona yote, na kila mwaka watu wa kujitolea, wakiwemo watoto wa shule, hupanda miteremko wakiwa na miche na mifuko ya udongo mgongoni.

Milima iliyorudishiwa miti

Kisiwani Shikoku, katika mji wa Niihama, kuna habari nyingine ya shaba. Mgodi wa Besshi ulifunguliwa na familia ya Sumitomo mwaka 1691, ukafungwa mwaka 1973. Katika miaka hiyo 282 ulitoa tani 650,000 hivi za shaba. Kongo yetu, katika mwaka 2024 peke yake, ilitoa zaidi ya mara nne ya kiasi hicho.

Mwaka 1694 moto wa msituni uliizingira kambi ya Besshi na kuua watu 132. Wamekumbukwa tangu hapo. Kila mwaka, wakati wa Obon, sikukuu ya kuwapokea wafu, watawa wa hekalu la Zuiō-ji huwaombea. Zuiō-ji ni hekalu la Zen lililo chini ya mlima, lenye mti wa ginko wa mamia ya miaka, na ni chuo cha watawa. Watalii wengi hawajui kwamba lipo.

Kwa karne mbili milima ya Besshi nayo ilikatwa miti na kuchomwa na moshi. Mwaka 1893 wakulima wa Niihama waliinuka. Mwaka uliofuata kampuni ilimtuma Iba Teigo kusimamia mgodi. Aliamua milima irudishiwe miti, na miche ikapandwa zaidi ya milioni moja kwa mwaka.

Tusimpambe kupita kiasi. Tanuru lilihamishiwa kisiwa cha Shisaka mwaka 1905 kwa matumaini kwamba moshi ungepotelea baharini, na badala yake ukasambaa kwenye mashamba mengi zaidi. Moshi wenyewe ulidhibitiwa kikamilifu mwaka 1939 tu. Hata hivyo, anayepanda Besshi leo hupita ndani ya msitu, na kuta za matofali za mgodi wa zamani zimefunikwa na majani.

Sisi pia tuna watu wanaojua kazi hiyo. Mwaka 2010, Mylor Ngoy Shutcha wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la kuotesha nyasi za asili za Katanga kwenye udongo wenye sumu ya shaba. Walichanganya chokaa na mboji kwenye udongo, na nyasi zikashika. Dawa ya ardhi hii ilipatikana hapa Lubumbashi.

Hiroshima, kilomita moja kutoka mlipuko

Sasa nafika kwenye hekalu lililoipa makala hii kichwa chake.

Mtaa wa Teramachi, Hiroshima, jina lake maana yake ni mji wa mahekalu. Mojawapo ni Hōsenbō. Asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo, bomu la atomiki lililipuka mita 1,130 hivi kutoka hapo. Hekalu lilianguka. Uani kulikuwa na mti wa ginko. Ukaungua, ukabaki umesimama, na baadaye ukachipua.

Nusu karne baadaye, mwaka 1994, hekalu lilipojengwa upya, mti ulikuwa katikati ya mahali ngazi zilipotakiwa kupita. Wangeweza kuukata au kuuhamisha. Wakajenga ngazi zikauzunguka. Leo anayepanda kwenda kusali huupita mti kwa karibu kiasi cha kuugusa gome, na shina lenyewe limetoka katikati ya saruji kama mwenye nyumba aliyekataa kuondoka.

Mjini Hiroshima kuna miti karibu 160 ya namna hiyo, iliyokuwa ndani ya kilomita mbili kutoka mlipuko. Mingine imo katika Shukkei-en, bustani iliyoanzishwa mwaka 1620. Siku ile majeruhi walikimbilia humo kutafuta maji, wakafia humo, na wengine wakazikwa humohumo.

Nje kidogo ya mji, kwenye mteremko wenye maporomoko matatu ya maji na mawe yaliyofunikwa na kuvumwani, kuna hekalu la Mitaki-dera. Maji ya hapo huchotwa kila mwaka yakatolewa kwa marehemu kwenye ibada ya Agosti 6, kwa sababu wengi walikufa wakiomba maji.

Watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa ilipofika mwisho wa mwaka ule. Urani iliyotumika kutengeneza bomu lile, sehemu yake kubwa ilitoka Shinkolobwe.

> Kutoka hapa hadi Likasi ni safari ya saa chache. Shinkolobwe ni hatua fupi kupita hapo.

Shinkolobwe haina mti

Madini ya Shinkolobwe yaligunduliwa mwaka 1915. Kwanza kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière ilichimba kwa ajili ya radiamu. Madini yake yalikuwa na urani nyingi kiasi ambacho hakikuonekana mahali pengine duniani: mawe mengine yalikuwa na zaidi ya nusu ya uzito wake urani tupu. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,200 New York, na miaka miwili baadaye jeshi la Marekani likazinunua.

Waliochimba walikuwa watu wetu. Waliyashika mawe hayo kwa mikono, wakayapanga, wakayatia magunia, wakayapandisha kwenye treni. Hakuna aliyewaambia ni mawe gani. Majina yao hayasomwi kwenye ibada yoyote.

Mgodi ulizibwa kwa saruji kabla ya uhuru wa mwaka 1960. Miaka ya 1990, njaa ilipobana, wachimbaji wa mikono walirudi pale kutafuta kobalti. Januari 2004 Rais Joseph Kabila alipiga marufuku uchimbaji, lakini watu waliendelea. Julai shimo liliporomoka, wakafa wanane. Kijiji kikavunjwa, watu wakatawanywa.

Wakongomani wanaoishi Cape Town wamekuwa wakikutana Agosti kuitaja Shinkolobwe pamoja na Hiroshima. Ni jambo la kuwashukuru. Lakini inauma kwamba anayetaka kuwakumbuka wachimbaji wa Katanga aende Afrika Kusini.

Wanaosema tusubiri

Nimelijadili wazo la bustani ya kumbukumbu hapa kwetu na watu wengi mjini, na wanaolipinga wana hoja zinazostahili kujibiwa.

Hoja ya kwanza ni ya bukari, yaani ya tumbo. Mtu ambaye hana maji ya bomba na ambaye mtoto wake amerudishwa kutoka shule kwa ada, ukimwambia habari za bustani ya kumbukumbu, atakuona umeshiba. Siwezi kumlaumu. Ila wakulima wa Watarase nao walikuwa na njaa walipoingia Unryū-ji, na kukumbuka pamoja ndiko kulikowapa sauti ya kudai.

Hoja ya pili ni ya usalama. Ukifungua Shinkolobwe kwa wageni, wachimbaji watarudi nyuma yao, na mionzi haijaondoka. Hii nakubaliana nayo kabisa. Shinkolobwe isifunguliwe. Kumbukumbu yake iwekwe Likasi au Lubumbashi, mahali mtoto anaweza kukaa kivulini bila madhara.

Hoja ya tatu ni ya fedha. Terili yenyewe ni mali. Kiwanda cha STL cha Gécamines huichakata kupata kobalti, na mwaka 2024 kilianza kuuza germani nje ya nchi. Mlima tuliouona tangu utoto unaliwa kidogo kidogo. Kuna siku utakwisha, na tusipojipanga, mahali pake patabaki uwanja uliozungushiwa ukuta.

Na wapo wanaosema bustani ya wafu ni desturi za kigeni. Hapa nasema hapana, kwa nguvu. Kwenye makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta marehemu wamezikwa na misalaba midogo ya shaba, mingine imewekwa kifuani. Mmisionari de Hemptinne, aliyekuwa askofu baadaye, aliandika mwaka 1926 habari za wale alioita walaji wa shaba, mafundi wa Kisanga ambao hawakuwasha tanuru bila maandalizi ya heshima kwa kazi ile: dawa, miiko na maombi kwa mizimu ya wahenga. Shaba na wafu vilijuana Katanga kabla kampuni yoyote haijafika.

Milango tunayoipita

Aliyevutiwa na mahekalu yasiyojulikana anaweza kuanzia karibu. Dar es Salaam, mtaa wa Upanga, kuna hekalu la Kibudha lililoanzishwa na Wasinhala kutoka Sri Lanka karibu miaka 100 iliyopita. Uani pana mti mtakatifu wa Bodhi uliotokana na ule wa Anuradhapura. Uganda, karibu na Entebbe, kuna Kituo cha Kibudha kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita.

Na hapahapa Lubumbashi? Sinagogi lililochorwa na Raymond Cloquet limesimama tangu mwaka 1930. Lilijengwa na Wayahudi ambao wengi wao walitoka kisiwa cha Rhodes, na ndugu zao waliobaki kule walipelekwa Auschwitz mwaka 1944. Rabi Moïse Lévy alihudumu tangu mwaka 1937, akafariki mwaka 2003. Ni wangapi kati yetu hupita mbele yake kila siku bila kujua hayo?

Simon Kimbangu naye alifungwa katika mji huu miaka 30, akafia hapa tarehe 12 Oktoba 1951. Kwa Wakimbangu Lubumbashi ni mahali pa hija. Kwa wengine ni mji wa kununulia sementi.

Barua ya kuandikwa

Tangu mwaka 2011 kuna mpango uitwao Green Legacy Hiroshima, unaokusanya mbegu za miti ile iliyonusurika na kuzipeleka kwa vyuo, bustani na miji inayoziomba. Zimeshapandwa katika nchi nyingi za dunia.

Ginko hupenda baridi zaidi ya tuliyonayo. Lakini miongoni mwa miti iliyonusurika kuna mkafuri, na mkafuri ulishaota vizuri Amani, milima ya Usambara, tangu enzi za Wajerumani. Kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinaweza kuujaribu kitaluni na kuhakikisha hausambai ovyo kabla ya kuutoa nje.

Naiomba ofisi ya meya, nakiomba kitivo hicho, nayaomba makampuni yanayochimba ardhi hii: andikeni kwa pamoja barua kwa Green Legacy Hiroshima. Ombeni mbegu. Tengeni kipande kimoja cha Penga Penga, wekeni chokaa na mboji kama Shutcha na wenzake walivyofanya, otesheni nyasi kwanza, mti ufuate. Kando yake wekeni jiwe lenye maneno machache juu ya waliochimba Shinkolobwe, kwa Kiswahili ili mama wa lengalenga aweze kulisoma.

Mche wa mkafuri huhitaji mwaka mmoja hivi kitaluni kabla ya kupandwa ardhini. Mvua zetu huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Barua ikiondoka sasa, mti wa kwanza unaweza kuwa ardhini msimu wa mvua wa mwaka ujao au ule unaoufuata.